Nilikuwa Nasubiri Mzee Amalize

Upepo wa Dodoma wa mchana mnaujua, ule unaookota vumbi na kukutafuta wewe macho. Tulikuwa tumeshatoka kwenye chumba cha kusubiria, tumepangwa mstari karibu na ngazi ya ndege ndogo ya kwenda Dar, kila mtu kashikilia kofia au mtandio wake. Ilikuwa msimu wa Bunge. Suti zilikuwa nyingi.

Chini ya ngazi kapteni alikuwa anaongea na mheshimiwa mmoja. Walionekana kufahamiana tangu shule, maana walikuwa wanacheka habari za mwalimu fulani wa zamu. Kijana wa mizigo akatokea upande wa bawa, kavaa kile kikoti cha kung'aa, akasimama hatua kadhaa kutoka kwao, mikono nyuma. Kapteni akamtupia jicho, akaendelea na hadithi. Kijana akainamisha kichwa, akarudi nyuma kidogo, akasubiri.

Mama aliyekuwa mbele yangu kwenye mstari akanong'ona, "Huyu mtoto kalelewa."

Nikakubaliana naye kimoyomoyo.

Hadithi ya mwalimu wa zamu ikazaa nyingine. Kijana bado kasimama. Ndipo mama mmoja wa usafi akashuka ngazi na mfuko wake wa taka, akamuuliza kijana kitu, kijana akamjibu kwa sauti ya chini. Yule mama hakuweka hata mfuko chini. "Wewe Mhehe!" akamwita kapteni. "Kila siku mnatutangaza sisi Wagogo ni ombaomba. Haya, leo naomba kweli. Nenda kaangalie tairi lako la kushoto, halafu urudi umalizie umbea wako."

Kapteni akacheka. Mheshimiwa akacheka. Mstari mzima tukacheka. Kapteni akaenda.

Palikuwa na mkato kwenye mpira wa tairi. Fundi akaitwa, akachuchumaa na tochi, akapima kwa kidude chake, akaandika. Mkato ulikuwa ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Tukapanda, tukaruka, tukatua Dar salama.

Ila kabla ya kupanda nilimsikia kapteni akimuuliza yule kijana, bila ukali hata kidogo, "Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri mzee amalize."

Hakuna kilichotokea

Ndiyo maana nimechukua wiki kadhaa kuamua kama hii ni habari ya kuandika. Ingekuwa kuna ajali ningeandika siku ileile, na ninyi mngesambaza. Lakini tairi lilikuwa zima, kapteni alikuwa mtu mwema, kijana alikuwa na adabu. Hakuna mkosaji.

Na hilo ndilo lililonikosesha raha.

Nimelelewa Mpwapwa na bibi ambaye kwake hukuweza kupita katikati ya wakubwa wawili wanaoongea. Unazunguka, hata kama ni kuuzunguka mji mzima. Ukitumwa ujumbe unasimama pembeni mpaka utazamwe, na kutazamwa peke yake hakutoshi, mpaka uulizwe. Binamu zangu walikuwa na utani wao: nyumba ya bibi ikishika moto, unapiga magoti kwanza. Kwa malezi yale, kijana wa mizigo alipata alama mia kwa mia. Angeingilia maongezi ya kapteni na mheshimiwa, yule mama wa mbele yangu angeuliza katoka nyumba gani.

Nilitaka kumalizia hapo, kwamba malezi yetu na usalama wa ndege haviendani, basi. Kisha nikakumbuka basi.

Mtanzania huyuhuyu mpandishe basi la kutoka Dodoma kwenda Morogoro, dereva aanze kuchezea usukani baada ya Gairo. Utasikia siti za nyuma: "Dereva, umebeba watu, hujabeba viazi!" Mama mwenye mtoto mgongoni anasimama. Mzee anatishia kupiga namba iliyobandikwa ukutani. Konda anatukanwa kwa makosa ambayo si yake. Hao wote wamelelewa na bibi kama wangu, na dereva mara nyingi ni mtu mzima mwenye wajukuu. Mbona hawasubiri amalize?

Nadhani ni kwa sababu dereva wa basi tunamwona ni wa kwetu. Rubani ana mistari begani, ana kofia, anaongea na mnara kwa Kiingereza, na hakuna anayejua analipwa kiasi gani. Adabu tunampa dereva pia. Rubani tunampa kitu kingine juu ya adabu.

Waholanzi

Nikaanza kusoma. Jina la kwanza linalokuja ni lilelile kwa kila mtu: Tenerife, 27 Machi 1977. Boeing 747 mbili kwenye njia moja ya kurukia, ukungu umefunga, ya KLM, shirika la Uholanzi, ikaanza kukimbia ili iruke wakati ya Pan Am ya Marekani bado ipo mbele yake. Watu 583 walikufa, na hadi leo hakuna mgongano wa ndege ulioua wengi kuliko huo.

Kilichonikalia kichwani ni maongezi ya chumba cha rubani. Kapteni wa KLM alikuwa mkufunzi mkuu wa marubani wa ndege ile, sura yake ilitumika kwenye matangazo ya kampuni. Rubani msaidizi aliyekaa kulia kwake alikuwa amefanyiwa mtihani wa 747 na kapteni huyohuyo, kama miezi miwili nyuma. Mhandisi aliyekaa nyuma yao ndiye aliyeingiwa na wasiwasi. Aliuliza kama ile ya Pan Am imeshatoka njiani. Kapteni akajibu kwa mkazo kwamba ndiyo. Mhandisi hakuuliza tena.

Hawa ni Waholanzi, jamani. Geert Hofstede, Mholanzi mwenzao aliyepima jinsi mataifa yanavyochukulia umbali kati ya mkubwa na mdogo, aliwaweka miongoni mwa watu wasiotetemekea bosi. Hakuna bibi wa Mpwapwa aliyewafundisha kuzunguka nyuma ya wakubwa. Na bado mtu aliyeona hatari aliuliza mara moja tu, kwa upole, akanyamaza.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United ilizunguka karibu na Portland, Marekani, kapteni akishughulika na hitilafu ya magurudumu mpaka mafuta yakaisha hewani. Watu 10 walikufa. Wenzake walikuwa wameitaja hali ya mafuta, ila kwa kugusagusa. Baada ya hapo ndipo NASA, shirika la Marekani la anga za juu, ikaitisha kikao mwaka 1979, na mashirika yakaanza kuwafundisha marubani jinsi ya kusemeshana kazini. Kufundisha marubani wa Marekani kusema! Mimi nilidhani wamezaliwa wanajua.

Kapu la utamaduni

Hapa nina kinyongo kidogo, nikitoe kabisa.

Tarehe 6 Agosti 1997 ndege ya Korean Air iligonga kilima ikikaribia kutua Guam, watu 228 wakafa. Maelezo yaliyosambaa duniani ni kwamba Wakorea wanaheshimu wakubwa mno, wasaidizi waliona hatari wakashindwa kusema. Kuna ukweli humo: wachunguzi wa Marekani walisema wasaidizi walishindwa kufuatilia na kusahihisha alichokuwa anafanya kapteni. Ila ripoti hiyohiyo ilitaja uchovu wa kapteni, na ilitaja kwamba mtambo wa ardhini wa kutahadharisha ndege inayoshuka chini mno ulikuwa umezuiwa usifanye kazi yake ipasavyo, na waliouzuia ni mamlaka ya anga ya Marekani yenyewe. Kifaa cha uwanjani cha kuonyesha mteremko wa kutua nacho kilikuwa nje ya huduma. Hayo hayakusambaa.

Halafu tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, watu 157. Boeing 737 MAX, aina ileile iliyoua watu 189 Indonesia Oktoba 2018. Kabla vumbi halijatulia, wakubwa kadhaa huko Marekani walishaanza kuhoji mafunzo ya marubani. Januari 2020 zikatoka jumbe za wafanyakazi wa Boeing wakiidharau ndege yao wenyewe, wakiambiana chini chini mambo ambayo hayakumfikia abiria. Watu wa huko, walioona, na waliobaki kunong'onezana.

Akinyamaza Mkorea tunaambiwa ni utamaduni wa taifa. Akinyamaza mtu wa Boeing kule Seattle tunaambiwa ni utamaduni wa kampuni.

Sitaki kujificha nyuma ya kinyongo hicho, lakini. Usiku wa 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, Kamerun, ikaanza kulalia upande wa kulia taratibu, hakuna aliyeishika, watu wote 114 wakafa. Kapteni alikuwa na miaka 52, msaidizi wake 23. Wachunguzi walizungumzia uratibu duni kati yao wawili. Miaka 52 na 23, hapo si lazima mtu anifafanulie. Nimekaa kwenye kiti cha 23 mara nyingi, ofisini tu, bila mbawa, na najua koo linavyokauka.

Na Wakorea wale? Mwaka 2000 shirika lilimleta David Greenberg kutoka Delta, shirika la ndege la Marekani, kusimamia uendeshaji wa ndege. Mafunzo yakabadilishwa, Kiingereza kikakazaniwa. Tangu ndege yao ya mizigo ilipoanguka Uingereza Desemba 1999, halijapoteza tena mtu kwa ajali ya ndege. Hawakuleta taifa jipya. Wakorea ni walewale, na nyumbani kwao wanaendelea kuinamia wazee wao.

Kiherehere

Nina jirani hapa Area D, fundi wa ndege mstaafu. Namwita baba, ingawa amemzidi umri kidogo tu kaka yangu mkubwa. Nilimsimulia habari ya tairi nikitegemea aniunge mkono kuhusu heshima na wakubwa.

Akatikisa kichwa. "Yule kijana hakumwogopa kapteni. Aliiogopa kesho yake."

Akanieleza. Kibarua wa mizigo ana mkataba mfupi, na anayeuhuisha ni msimamizi. Akisimamisha ndege kwa mkato wa tairi, ikaonekana tairi ni zima, ndege imechelewa, waheshimiwa wamekasirika, nani anaulizwa? Anaandikiwa barua ya kujieleza. Na hata asipoandikiwa, anapewa jina. Ana kiherehere. Kimbelembele. Anajifanya anajua kuliko mafundi. Akitaja kosa la mwenzake, huyo ni mchongezi, na chai hatanyweshwa tena.

"Sisi kazini kwetu," akasema, "alikuwepo kijana aligonga mlango wa ndege na toroli. Akaenda mwenyewe kusema. Wakamkata mshahara. Tangu siku hiyo hapakugongwa kitu tena."

Nikamtazama.

"Kwenye karatasi," akaongeza.

Shirika sitalitaja, na yeye mwenyewe hakulitaja. Lakini kauli ile ilinigeuza kuliko yote niliyosoma. Nilikuwa natafuta utamaduni kwa bibi yangu, kumbe mwingine ulikuwa unatengenezwa kila mwisho wa mwezi kwenye dirisha la mshahara.

Wamarekani walijifunza hili kwa bei kubwa. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya TWA ilijigonga kwenye mlima Virginia, watu 92. Wiki chache kabla, ndege ya kampuni nyingine ilinusurika mlima huohuo kwa sababu ileile ya kutoelewa maelekezo ya kushuka. Marubani wake walisema, kampuni yao ikawatahadharisha watu wake, ikaishia hapo. Mwaka 1976 ukaanzishwa mfumo wa mtu yeyote wa anga kuandika alichokiona au alichokosea bila kuanikwa, na barua zikapelekwa NASA, si kwa mamlaka ya anga. NASA haina fimbo ya kumchapa rubani, na hiyo ndiyo ilikuwa hoja yenyewe. Sasa Kiambatisho cha 19 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kilichoanza kutumika 2013, kinazitaka nchi ziwe na njia ya watu kutoa taarifa kwa hiari na kuzilinda taarifa hizo.

Karatasi ni nzuri. Ila karatasi haijui kiherehere ni nini, na mkutano wa asubuhi wa vibarua unajua vizuri sana.

Mama wa usafi

Sasa turudi kwa mtu pekee aliyefanikiwa siku ile. Hakuwa na cheo. Hakuwa na mafunzo ya kusemeshana kazini. Alikuwa na mtani, maana Mgogo na Mhehe wanataniana.

Nimelifikiria sana hili, maana mafunzo yote tunayoletewa yanatuambia tujifunze ujasiri kutoka kwa watu wengine, wakati wazee wetu walishatengeneza njia ya mdogo kumwambia mkubwa ukweli mchungu mbele za watu bila kugombana. Mtani anakuja msibani anawaambia wafiwa wanachojifanya hawakioni. Mjukuu anamkosoa babu. Hakuna barua ya kujieleza kwenye utani. Kapteni hakujisikia kudhalilishwa mbele ya mheshimiwa, alicheka akaenda.

Nilitaka kuandika makala nzima ya kuusifia utani. Mambo mawili yalinizuia.

Kwanza, kapteni akiwa Mhindi au Mkenya, yule mama anamwita nani? Huwezi kupanga zamu kwa makabila, na wala sitaki nchi inayofanya hivyo.

Pili, na hili ni zito zaidi, utani unaweza kuchekewa ukapita. Ombi lililovikwa nguo laini ni rahisi kuliacha. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca kutoka Kolombia ilizungushwa hewani karibu na New York mpaka mafuta yakaisha, watu 73 wakafa. Marubani walikuwa wameuambia upande wa waongoza ndege kwamba mafuta yanaisha, waliomba kipaumbele. Hawakutangaza hali ya dharura. Kila walichosema kilikuwa kweli, na kilisemwa kwa namna ambayo msikilizaji mwenye ndege nyingi usiku ule aliweza kukipokea kama ombi miongoni mwa maombi. Kapteni wetu angeweza vilevile kucheka, akasema "nyie Wagogo hamchoki," akaendelea na mwalimu wa zamu.

Aliyenitoa hapo ni mpwa wangu wa kike, aliyesomea matengenezo ya ndege Dar. Kwenye mafunzo yao kulikuwa na zoezi la kumzuia mkubwa anayetaka kusaini kazi ambayo haijakamilika. Wakalifanya kwa Kiingereza, kila mtu akafaulu, wamesimama kama mawakili. Mwalimu akawatazama, akatoka, akarudi na fundi mzee wa kweli, mwenye mvi, akamkalisha kwenye kiti. Akasema rudieni, kwa Kiswahili.

Darasa likagoma. Wa kwanza akaanza na samahani mzee, kisha labda, kisha hivi mzee hukuona kama vile, akaishia kucheka. Wa pili hivyohivyo. Mzee naye hakuwasaidia, alikuwa anatafuta kalamu asaini.

Zamu ya mpwa wangu ilipofika, anasema alipiga goti kidogo kama alivyofundishwa nyumbani. "Shikamoo mzee. Usisaini. Boliti mbili hazijakazwa."

Mzee akasema marahaba, akaweka kalamu chini.

Goti, shikamoo, na amri, vyote ndani ya pumzi moja. Nilimwomba arudie kunisimulia, kwa sababu nilikuwa nimeshakubali kwamba lazima kimoja kife ili kingine kiishi. Yeye hakuona ajabu yoyote. Alisema kigumu hakikuwa kumsemesha mzee, kigumu kilikuwa kuacha kuongeza maneno baada ya salamu.

Msalato

Wote tunasikilizia uwanja mpya wa ndege wa Msalato, hapa Dodoma. Njia ya kurukia ya kilomita 3.6, ndege kubwa, na kazi: mizigo, mafuta, usafi, ufundi. Watakaozipata wengi ni vijana wa hapahapa, wenye adabu ya hapahapa. Wengine tutaendelea na SGR yetu, lakini kuna siku tutakuwa kwenye mstari chini ya ngazi zao.

Nilimuuliza jirani angewafundisha nini hao vijana. Akasema asingeanza nao. Angeanza na wenye mistari begani: kabla ya kila safari kapteni awaendee watu wa mizigo na usafi awaulize wameona nini, na asiondoke mpaka wamejibu, ili mdogo asiwe na cha kusubiri. Na mkataba wa kibarua usishikwe na mtu mmoja anayenuna. Nikamwambia hiyo ya pili ni ngumu kuliko kujenga uwanja. Akakubali.

Mpwa wangu naye anaandaa maombi ya kazi. Ameomba ushauri kwenye kundi la familia la WhatsApp, na wajomba wamemimina: uwe mtiifu, usiulize sana, mwezi wa kwanza kaa kimya usome mazingira. Mimi nikaandika tofauti. Nikamwambia wakimuuliza kwenye usaili uwezo wake ni upi, awasimulie habari ya boliti mbili na kalamu ya mzee, na kama sura zao zitabadilika, ajue mapema ni mahali pa namna gani.

Shangazi amenijibu kwa ujumbe wa sauti, mrefu, unaoanza na jina langu lote la ubatizo. Nimeusikiliza nusu. Anataka kujua ni lini nimeanza kuwafundisha watoto wa watu kukosa kazi, na sina hakika kama nina jibu la kumtosheleza, kwa sababu huenda akawa sahihi kuhusu usaili huo.